Mgonjwa wa saratani ya umio: ulizeni habari za kitengo kabla ya kuuliza jina la daktari

BintiWaNkubu (mwanzilishi wa uzi)

Wapendwa, katika miezi kumi iliyopita nimeulizwa swali moja kanisani, kazini na hata ndani ya matatu ya Githurai: "Ni daktari gani mzuri wa kumpasua mgonjwa wa koo?" Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe Baba alipougua, na lilitupotezea wiki sita. Naandika ili anayeanza safari hii leo asizipoteze wiki zake.

Baba ni mwalimu mstaafu wa Nkubu, Meru. Ugonjwa ulianza kwa ugali kukwama kifuani, naye akawa anausukuma kwa chai ya moto asimwambie mtu. Baadaye aliacha githeri, kisha nyama, kisha mkate usiochovywa. Alipofika kwangu Kasarani alikuwa akinywa uji tu, na mkanda wake wa suruali ulikuwa na matundu mawili mapya aliyoyatoboa kwa msumari. Alipigwa kamera, akachukuliwa kipande cha nyama, na majibu ya maabara yakasema saratani ya umio, yaani mrija wa kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni, ya aina ya seli bapa. Hiyo ndiyo aina inayoongoza katika ukanda mrefu wa Afrika unaoanzia Ethiopia, ukapita kwetu na kushuka hadi Afrika Kusini.

Hospitali ya kwanza tuliyoiendea, ambayo sitaitaja, daktari alikuwa tayari kumpasua Jumatatu iliyofuata mradi tuweke amana. Tulifurahi, kwa kuwa tulidhani haraka ndiyo huduma. Binamu yangu, ambaye ni afisa wa kliniki, alituuliza maswali mawili kwa simu: je, Baba amepigwa CT (picha za kompyuta za ndani ya mwili) ya kifua na tumbo, na kesi yake imejadiliwa na nani? Majibu yalikuwa hapana, na hakuna mtu. Tukaahirisha, lakini badala ya kutafuta mahali pa kujibiwa maswali hayo, tukaanza kukusanya majina ya madaktari. Kila ndugu alikuwa na jina lake, na kila jina lilikuwa na kliniki yake, ada yake na foleni yake.

Upasuaji wa umio si sawa na kutoa kidole tumbo. Katika njia moja inayotumika sana, ambayo Ivor Lewis wa Uingereza aliieleza mwaka 1946, daktari hufungua tumbo kwanza, akaufanya mfuko wa chakula kuwa mrija mwembamba, kisha hufungua kifua upande wa kulia, akakata umio wenye uvimbe pamoja na tezi za limfu zinazouzunguka, na kuuvuta ule mrija juu ili auunganishe na kipande cha umio kilichobaki. Njia nyingine, inayohusishwa na McKeown tangu mwaka 1976, huongeza mkato wa tatu shingoni, na maungio hufanyika huko. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na kwa muda fulani pafu moja hulazwa bila hewa ili mpasuaji apate nafasi. Kwa hiyo mtaalamu wa nusukaputi asiyeizoea kazi ya kifua ni hatari sawa na mpasuaji asiyeizoea.

Hatari kubwa, hata hivyo, huja baadaye. Maungio yale yanaweza kuvuja. Takwimu za vituo 24 vikubwa katika nchi 14, vilivyokubaliana kuhesabu matatizo kwa njia moja, zilionyesha kwamba maungio yalivuja kwa takriban wagonjwa 11 kati ya 100, lakini waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa wachache mno, asilimia 2.4 tu. Zitazameni namba hizo mbili pamoja. Hata mabingwa wa dunia maungio yao huvuja, ila wao huugundua uvujaji mapema, tena wana mtu wa kupiga CT saa nane za usiku, mtu wa kuweka stenti (kijirija cha kushikilia njia iwe wazi) au mrija wa kutoa usaha, na kitanda cha wagonjwa mahututi kisichohitaji kuombwa kwa simu kumi. Mkono wa mpasuaji mmoja hauwezi kufanya hayo yote.

Ndiyo maana idadi ya upasuaji ambao kituo hufanya kwa mwaka ina maana kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliotumia kumbukumbu za wazee waliopasuliwa, ulionyesha kwamba katika hospitali zilizofanya upasuaji wa kongosho mara chache sana walifariki asilimia 16.3, na katika hospitali zilizoufanya mara nyingi walifariki asilimia 3.8. Kwa upasuaji wa umio, tofauti hiyo ya vifo ilizidi pointi 5 za asilimia. Uingereza ilikuwa imekwisha kutoa mwongozo mwaka 2001 kwamba saratani za umio, tumbo (yaani mfuko wa chakula) na kongosho zikusanywe katika vituo vichache vinavyohudumia watu milioni moja au zaidi. Uholanzi iliweka kiwango cha chini cha upasuaji wa umio 20 kwa mwaka kwa kila hospitali tangu mwaka 2011, na hospitali isiyofikisha huiacha kazi hiyo.

Jambo jingine lililotuchanganya ni vyeo. Huko Uingereza mpasuaji bingwa wa njia ya juu ya chakula hushughulikia umio na tumbo pamoja, na mwenzake wa ini na kongosho huwa mwingine. (Msishangae mkipokea barua ya huko imeandikwa "Mr" badala ya "Dr", ni desturi ya tangu enzi ambazo wapasuaji walikuwa chama kimoja na vinyozi, na kwao ni heshima.) Kwetu mipaka imekaa vingine: umio mara nyingi huwa mikononi mwa wapasuaji wa kifua na moyo, na tumbo huwa mikononi mwa wapasuaji wa jumla, baadhi yao wakiwa wameongeza mafunzo ya njia ya chakula. Wengi wamepitia shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi au ushirika wa COSECSA, chuo cha wapasuaji wa kanda yetu kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha. Jina la daktari na fani yake utalipata katika rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni. Rejista hukuthibitishia kwamba ana leseni, lakini haikwambii amepasua umio mara ngapi mwaka jana. Hilo ni lazima umuulize yeye mwenyewe.

Hatimaye tulifika mahali penye jopo. Kila Alhamisi wapasuaji wawili, daktari wa tibakemia (dawa za kuua saratani), daktari wa mionzi, mtaalamu wa picha, mwanapatholojia (mchunguzi wa vipande vya nyama maabara) na muuguzi mmoja hukaa chumba kimoja na kuzipitia kesi. Nilikuwa nimezibeba picha za Baba katika bahasha ya kaki iliyochanika pembe, nikakaa nje kwa saa tatu. Alipotoka, mpasuaji mkubwa aliniambia neno ambalo sikulitarajia kutoka kwa mpasuaji: "Sitampasua sasa." Uvimbe ulikuwa umepenya ukuta wa umio, na tezi mbili zilikuwa zimevimba, lakini ini na mapafu vilikuwa safi. Alitaka kwanza wiki tano za mionzi pamoja na tibakemia, na katika wiki hizo Baba alishwe kwa mrija hadi apate nguvu.

Utaratibu huo unatokana na utafiti wa Uholanzi uitwao CROSS, uliochapishwa mwaka 2012: vipindi 23 vya mionzi, pamoja na dawa mbili, carboplatin na paclitaxel, mara moja kwa wiki. Nusu ya waliotibiwa hivyo kabla ya kupasuliwa waliishi zaidi ya miezi 49, na kwa waliopasuliwa moja kwa moja ilikuwa miezi 24. Kwa wenye seli bapa kama Baba, karibu nusu yao hawakukutwa na seli hata moja hai ya saratani katika nyama iliyotolewa. Nafikiria ile Jumatatu ya hospitali ya kwanza, natetemeka.

MzeeWaKayole

Binti, pole kwa safari na asante kwa maelezo. Mke wangu ameambiwa ana uvimbe mahali umio unapokutana na tumbo. Swali langu ni la aibu kidogo. Mimi ni fundi wa viatu. Nitamuulizaje daktari bingwa kwamba amepasua watu wangapi na wangapi wamekufa, asinione nimemtukana?

BintiWaNkubu

Mzee wangu, hiyo si aibu hata kidogo. Mimi pia sikuthubutu, Baba ndiye aliyeuliza. Alisema kwa sauti ile ya darasani: "Daktari, naomba unifundishe. Kazi hii kwa mwaka mnaifanya mara ngapi hapa, na mgonjwa akipata shida usiku, ni nani anayekuja?" Mpasuaji alicheka, akavuta kiti, akamjibu kwa dakika ishirini, pamoja na kumweleza habari za mgonjwa mmoja aliyempoteza. Kwa kipimo changu, aliyekasirishwa na swali hilo amekwisha kukujibu. Huko Uingereza matokeo ya wapasuaji wa fani hii yalianza kuwekwa hadharani kwa majina yao mwaka 2013, na watu wanaendelea kwenda kutibiwa kama kawaida.

Kwa mama, kwa kuwa uvimbe uko kwenye makutano, muulize hasa kama watautibu kama wa umio au kama wa tumbo, kwa sababu jibu hilo hubadilisha dawa na pia hubadilisha mahali pa kukata.

SisterWaZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi hapa Nairobi, na nimewalinda wengi wa aina hii. Nitaongeza kitu ambacho familia hazikioni.

Siku ya kwanza mgonjwa huonekana vizuri, na ndugu hupiga simu kijijini kwamba mambo yamepita. Sisi hatushangilii. Macho yetu huwa kwenye siku ya tatu hadi ya kumi. Mapigo ya moyo yakipanda hadi 120 bila sababu, au moyo ukianza kudunda ovyo, au homa ikaja kidogo jioni, au mrija wa kifuani ukabadilika rangi kutoka maji ya pinki na kuwa kama maziwa au kama uji mchafu, hapo hatungoji asubuhi. Rangi ya maziwa inaweza kuwa mfereji wa limfu uliojeruhiwa, na uji mchafu unaweza kuwa maungio yaliyofunguka. Kazi yangu ni kumpigia simu mpasuaji, na kazi yake ni kuja. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo simu hiyo ilipokewa saa moja asubuhi, ikiwa tumeipiga tangu saa saba usiku. Nimefanya pia mahali ambapo mpasuaji alifika amevaa kandambili. Wote wawili walikuwa na vyeti vilevile ukutani.

Jambo la pili ni mazoezi. Mgonjwa aliyepanda ngazi kila siku wiki kadhaa kabla, akaacha sigara na kujifunza kupumua kwa kina, huondolewa kwenye mashine upesi. Mnaposubiri tarehe, msimlaze mzee kitandani na kumfunika blanketi kwa huruma. Mtembezeni.

Kiprotich_Sotik

Naomba kupinga kidogo. Dada, hoja yako ni nzuri, ila inasomeka kana kwamba kila mgonjwa lazima aletwe Nairobi. Mimi natoka Bomet, na huku ugonjwa huu tunaujua kwa majina ya majirani. Hospitali ya Tenwek imeushughulikia kwa miaka mingi mno. Mwaka 2002 madaktari wake waliandika kuhusu vijana wetu, hata wa chini ya miaka 30, wanaougua saratani ya umio. Shangazi yangu aliwekewa stenti ya chuma huko baada ya kuambiwa ugonjwa umeenea, akala chakula laini hadi mwisho wake bila kuhamishwa. Kuna hospitali za mjini zenye vioo vya bluu ambazo hazijagusa maumio mengi kama zile za mashinani.

Pia, hizo sheria za Uholanzi zinafaa nchi ndogo yenye treni. Mgonjwa wa Mandera unamwambia asafiri hadi wapi? Na kaka yangu alipasuliwa na daktari mmoja tu, asiye na jopo, miaka minne iliyopita, na mwaka huu amepanda mahindi.

BintiWaNkubu

Kiprotich, umenisahihisha vema, nami nimeuelekeza uzi vibaya kama ulisomeka hivyo. Nilisema kitengo, sikusema jiji. Kama binamu yangu angejua mapema, pengine tungeanzia huko kwenu. Namshukuru Mungu kwa kaka yako. Lakini tunaomsikia ni yule aliyepona. Aliyekufa siku ya nane hana ndugu wa kuandika hapa kwamba daktari wake hakuwa na jopo.

Kuhusu umbali, sina jibu zuri. Mionzi pekee ilimtaka Baba awe mjini siku tano kila wiki kwa wiki tano, na kama nisingekuwa na chumba Kasarani asingeimaliza. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ililipa sehemu, tena kwa idhini iliyoombwa kabla ya kila hatua. Ukianza matibabu kabla ya idhini mzigo unabaki wako. Sehemu iliyobaki ilikuwa harambee mbili na shamba la kahawa lililokodishwa. Kinachoweza kupunguza safari ni picha kutangulia mgonjwa. Daktari wa kaunti anaweza kutuma CT na majibu ya maabara kwenye jopo, mgonjwa akaitwa akiwa tayari na mpango. Kama jopo litasema ugonjwa umeenea na hapasuliwi, awekewe stenti karibu na kwao na abaki na watu wake.

NjeriWaRuaka

Je, haya yote yanahusu tumbo na kongosho pia? Mama mkwe amegeuka manjano macho na ngozi, na anajikuna usiku kucha.

SisterWaZamuYaUsiku

Dada Njeri, manjano isiyo na maumivu kwa mtu mzima ni ya kuharakishwa, usiitibu kwa dawa za duka. Inaweza kuwa jiwe, na inaweza kuwa uvimbe kwenye kichwa cha kongosho unaobana mrija wa nyongo. Akihitaji upasuaji, ni ule unaoitwa Whipple, ambao huondoa kichwa cha kongosho, duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo), sehemu ya mrija wa nyongo na mara nyingi kipande cha tumbo, kisha kuunganisha mahali patatu. Mpasuaji wake si lazima awe yule wa umio. Ulizia wa ini na kongosho.

Kwa tumbo, kuna kipimo cha kuingiza kamera kupitia kitovu kabla ya upasuaji mkubwa, kwa sababu mbegu ndogo za saratani kwenye utando wa tumbo hazionekani kwenye CT. Nimeona wagonjwa waliofunguliwa na kufungwa tena bila kutolewa kitu kwa kuwa kipimo hicho kilirukwa. Na anayeondolewa mfuko wote wa chakula atahitaji vitamini B12 kwa sindano maisha yake yote. Andikeni hilo kwenye kadi yake, kwa sababu madaktari hubadilika.

MzeeWaKayole

Nimerudi kutoa taarifa. Leo nimeuliza kama mwalimu alivyouliza. Daktari alisema kwa uungwana kwamba yeye hupasua mmoja au wawili kwa mwaka, na kwamba angekuwa ni mama yake angempeleka kwa mwenzake. Ameandika barua ya rufaa palepale na kumpigia simu. Sikujua kama nimpe mkono au nimkumbatie.

Na mwalimu mwenyewe anaendeleaje? Hukutueleza mwisho.

BintiWaNkubu

Samahani, Mzee, huyo daktari umempata kweli.

Baba alipasuliwa wiki saba baada ya mionzi kuisha. Siku ya sita mapigo yalipanda, jinsi Sister alivyoeleza, na mpasuaji wa zamu, ambaye hakuwa yule mkubwa, alikuwa kando ya kitanda kabla sijamaliza kupanda ngazi. CT ilionyesha maungio yanavuja kidogo. Walimwekea mrija, wakamsitishia kila kitu cha mdomoni, wakaendelea kumlisha kupitia utumbo kwa siku kumi na mbili. Alitoka hospitalini siku ya ishirini na nne, akiwa na kilo 51.

Sasa ni mwezi wa tano. Hula mara sita kwa siku, kiasi cha sahani ya kikombe, na hulala ameegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali nyongo humpanda hadi kooni. Akila vitu vitamu upesi hutoka jasho na kizunguzungu, hivyo chai hana sukari. Tena analazimika kuiacha ipoe, kwa kuwa daktari alimweleza kwamba mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani ya umio. Yeye husema chai ya namna hiyo ni maji ya kusuuzia vikombe, na kila asubuhi huichungulia kwa dakika kumi, amekunja uso, ndipo ainywe.

Mzee, mkipata tarehe ya jopo niandikie, nitakuelekeza mlango.